Kondoo wa Churro na Vipimo vya Thamani: Historia ya Ufugaji wa Sufu na Nyama Miongoni mwa Wanavajo wa Marekani

Utangulizi

Tarehe 1 Juni 1868, viongozi wa Wanavajo waliokuwa wamezuiliwa katika kambi ya Bosque Redondo, New Mexico, walitia alama zao kwenye mkataba wa amani na serikali ya Marekani. Kifungu cha 12 cha mkataba huo kilitenga fedha za kununulia kondoo na mbuzi 15,000, kwa gharama isiyozidi dola 30,000, ili watu waliorudishwa kwao wapate pa kuanzia. Miaka 66 baadaye, serikali hiyohiyo iliwatuma maofisa wake kwa watoto na wajukuu wa waliotia alama zile, safari hii kuwapunguzia mifugo. Baadhi ya wanyama walionunuliwa walipigwa risasi na kuachwa waoze makorongoni, mbele ya macho ya wenye mali.

Kati ya matukio hayo mawili ndipo ilipo historia ya kondoo anayejulikana kama Churro. Ni kondoo mpole, mwembamba, mrefu wa miguu, mwenye sufu ya tabaka mbili, ambaye kwa zaidi ya karne mbili aliwapa Wanavajo, yaani Diné kama wanavyojiita wenyewe, chakula, mavazi na bidhaa ya biashara. Kufikia miaka ya 1970 alikuwa karibu kutoweka. Makala hii inachunguza jinsi aina hiyo ilivyofikia ukingoni mwa kutoweka na jinsi ilivyorejeshwa. Hoja yake kuu ni kwamba Churro hakushindwa na mazingira yake. Alishindwa na kipimo. Thamani yake ilipimwa kwa mizani ya kiwanda, ilhali kazi aliyoifanya ilikuwa ya mkono na ya nyumbani.

Asili ya Churro

Jina Churro limetokana na churra, kondoo wa kawaida wa Hispania. Katika Hispania ya karne ya 16, kondoo wa merino mwenye sufu laini ndiye aliyekuwa nguzo ya biashara ya nje, na kuwasafirisha merino hai nje ya nchi kulidhibitiwa vikali. Churra alikuwa mnyama wa mkulima. Sufu yake ilikuwa nzito na ya kukwaruza, lakini alivumilia ukame na malisho haba, na nyama yake ilikuwa nzuri. Kwa sababu hiyo, ndiye aliyepakiwa zaidi katika meli za kwenda Meksiko. Mwaka 1598, msafara wa Juan de Oñate uliokwenda kuanzisha koloni katika bonde la Rio Grande uliswaga maelfu ya kondoo hadi eneo ambalo leo ni New Mexico.

Wapueblo walioishi katika vijiji vya bonde hilo walikuwa wafumaji wa pamba tangu kale. Chini ya utawala wa Wahispania walilazimishwa kufuma sufu na kuitoa kama kodi. Wanavajo, majirani zao, waliwapata kondoo kwa njia za biashara na uvamizi. Baada ya uasi wa Wapueblo wa mwaka 1680, na kurejea kwa Wahispania mwaka 1692, Wapueblo wengi walikimbilia kwa Wanavajo. Wanahistoria wengi huliona kimbilio hilo kuwa mojawapo ya njia ambazo ufumaji wa sufu uliimarika miongoni mwa Wanavajo. Wanavajo wenyewe husimulia kwamba elimu ya kufuma waliipata kwa Mwanamke Buibui, na kondoo kutoka kwa viumbe watakatifu. Masimulizi haya si ya kuwekwa kando na mwanahistoria, kwa kuwa ndiyo yanayoeleza kwa nini kupunguziwa kondoo kulionekana baadaye kuwa jambo zito kuliko hasara ya mali.

Mwanzoni mwa karne ya 19 ufundi huo ulikuwa umekomaa. Vipande vya nguo vilivyopatikana katika pango la Canyon de Chelly, mahali ambapo askari wa Kihispania waliwaua Wanavajo wengi Januari 1805, vinaonyesha ufumaji wa hali ya juu. Mablanketi ya mistari mipana ya nyeupe, nyeusi na buluu yalisafiri kwa njia za biashara hadi kwa makabila ya nyanda za kaskazini, ambako yalivaliwa na wenye cheo na uwezo.

Mnyama, kazi na nyumba

Ili kuelewa kilichopotea baadaye, ni lazima kwanza kumweleza mnyama mwenyewe. Sufu ya Churro ina tabaka mbili. La ndani ni laini na fupi, na hukinga baridi. La nje ni refu na nene, kwa kawaida kati ya sentimita 15 na 30, na humwaga maji ya mvua na theluji. Mfumaji anaposokota tabaka hizo mbili pamoja, hupata uzi wenye nguvu na mng'ao unaofaa kwa mtande na kwa mshindio. Zaidi ya hayo, sufu ya Churro ina mafuta machache. Katika nchi kame ambako kila ndoo ya maji hubebwa kutoka mbali, sufu isiyohitaji kuoshwa kwa maji mengi ni neema kubwa. Inaweza kukung'utwa vumbi, kuchambuliwa na kusokotwa. Rangi zake za asili ni nyingi: nyeupe, kahawia, nyeusi, kijivu na nyekundu hafifu. Kwa hiyo mfumaji alipata sehemu ya rangi zake mgongoni mwa kondoo kabla hajachemsha mti wowote.

Kwa upande wa nyama, Churro ni mdogo. Jike aliyekomaa huwa na uzito wa takribani kilo 45 hadi 55. Nyama yake haina mafuta mengi, na hakuna kilichotupwa. Damu, utumbo na kichwa vilipikwa, na ngozi ilitandikwa kama godoro. Majike huzaa bila shida, mara nyingi mapacha, na huwalinda watoto wao dhidi ya mbwa mwitu wadogo wa jangwani. Baadhi ya madume huota pembe nne, na sifa hiyo imeifanya aina hii itambulike kwa urahisi.

Upole wa kondoo huyu ulikuwa na maana ya kiuchumi. Kundi lililochungika bila farasi wala uzio lingeweza kukabidhiwa mtoto au bibi kizee. Miongoni mwa Wanavajo, ambao nasaba yao huhesabiwa upande wa mama, mwanamke alimiliki kondoo wake mwenyewe, naye mtoto alipewa mwanakondoo akiwa bado mdogo ili akue pamoja na mali yake. Kundi la familia lilichungwa pamoja, lakini kila mnyama alikuwa na mwenyewe aliyejulikana. Uchungaji ulikuwa shule ya kwanza. Katika malisho mtoto alijifunza mimea, chemchemi, majina ya milima na wajibu wa kuwatunza wanaomtegemea. Msemo wa Wanavajo kwamba kondoo ni uhai unapaswa kusomwa kwa muktadha huo. Unaeleza mfumo wa kazi, umiliki na malezi uliomhitaji mnyama wa aina fulani.

Maangamizi ya kwanza na mwanzo mpya

Baada ya Marekani kuitwaa New Mexico kutoka Meksiko katika vita vya 1846 hadi 1848, migogoro ya uvamizi na utekaji wa watumwa kati ya walowezi na Wanavajo iliendelea. Mwaka 1863, Jenerali James Carleton alimtuma Kit Carson kuwalazimisha Wanavajo wasalimu amri. Mkakati wake ulikuwa wa njaa: mashamba ya mahindi yalichomwa, makundi ya kondoo yaliuawa au kutekwa, na mipichi ya Canyon de Chelly ilikatwa. Kuanzia mwaka 1864 maelfu ya watu walitembezwa kilomita zaidi ya 400 hadi Bosque Redondo, katika safari inayokumbukwa kama Matembezi Marefu. Zaidi ya watu 8,000 walizuiliwa huko, na takribani 2,000 au zaidi walikufa kwa njaa, maradhi na baridi.

Si wote waliokamatwa. Baadhi ya familia zilijificha na makundi yao katika makorongo na milima ya magharibi. Makundi hayo yaliyofichwa, pamoja na wanyama waliogawiwa chini ya mkataba, ndiyo yaliyokuwa mbegu ya ufufuo. Mwezi Novemba 1869, katika Fort Defiance, watu waligawiwa kondoo takribani 14,000 na mbuzi 1,000, yaani wanyama wawili hivi kwa kila mtu. Masimulizi ya kifamilia yanaeleza jinsi watu walivyovumilia njaa ili wasiwachinje wanyama hao wachache. Katika muda wa kizazi kimoja tu, idadi ya mifugo ilifikia mamia ya maelfu. Ufanisi huo haukutokana na msaada mkubwa wa kitaalamu. Ulitokana na uamuzi wa kaya, uliorudiwa maelfu ya mara, wa kuhifadhi majike na kula kidogo.

Soko, reli na madume ya kigeni

Reli ilipofika katika miaka ya 1880, uchumi wa kondoo uliingia hatua mpya. Wafanyabiashara wenye maduka ndani ya eneo la Wanavajo, akiwemo John Lorenzo Hubbell wa Ganado, walinunua sufu kwa uzito na kuipeleka mashariki. Blanketi la kuvaliwa liligeuka kuwa zulia la kutandikwa katika nyumba za mijini. Duka lilikopesha unga, kahawa na sukari, na deni lililipwa kwa sufu wakati wa kiangazi na kwa wanakondoo wakati wa vuli.

Katika mfumo huo, kilichohesabiwa ni uzito wa sufu na ukubwa wa mwanakondoo. Churro alitoa sufu nyepesi, nyembamba kwa wingi na nene kwa unyuzi, ambayo viwanda vilivyotengeneza nguo laini havikuitaka. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, maofisa wa serikali na wafanyabiashara waliingiza madume ya Rambouillet, kondoo wa Ufaransa mwenye damu ya merino. Chotara waliozaliwa walikuwa na mwili mkubwa na sufu nyingi zaidi. Hata hivyo, sufu hiyo ilikuwa fupi, yenye mikunjo na mafuta mengi. Ilinasa mchanga, ilihitaji maji mengi kuoshwa, na ilipochambuliwa kwa mkono ilitoa uzi wenye vinundu. Wataalamu wa mazulia ya Wanavajo wanaweza kuyatambua mabadiliko hayo katika mazulia yenyewe, kwani mng'ao wa uzi wa kale ulipungua.

Hapa ndipo mgongano wa vipimo ulipoanza. Kwa mnunuzi wa sufu, chotara alikuwa maendeleo. Kwa mfumaji, alikuwa mzigo. Lakini bei dukani iliwekwa na mnunuzi, na mfumaji hakuwa na mahali pa kuandika hesabu yake.

Upunguzaji wa mifugo

Mwaka 1933, John Collier aliteuliwa kuwa Kamishna wa Mambo ya Wenyeji Asilia wa Marekani. Alikuwa mtetezi wa tamaduni za wenyeji hao, na hili ndilo linalofanya historia yake kuwa ya kusikitisha zaidi. Taarifa zilizomfikia zilionyesha kwamba malisho ya Wanavajo yamelemewa na kwamba udongo unachukuliwa na mito hadi Colorado, ambako bwawa kubwa la Boulder lilikuwa likijengwa. Wahandisi walihofia mashapo yangejaza bwawa hilo.

Ni haki kukiri kwamba mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli. Idadi ya watu na ya mifugo ilikuwa imeongezeka sana tangu mwaka 1868, na mipaka ya eneo, ingawa ilipanuliwa mara kadhaa, ilizuia mwenendo wa zamani wa kuhamahama. Vipindi vya ukame viliongeza madhara. Tatizo la sera ya Collier, basi, halikuwa katika kuuona ugonjwa. Lilikuwa katika namna dawa ilivyotolewa, na nani aliyelazimishwa kuinywa.

Awamu za kwanza ziliagiza upunguzaji uliowaumiza zaidi wenye makundi madogo. Mbuzi, waliokuwa chakula cha maskini na mara nyingi mali ya wanawake, walilengwa mwaka 1934. Pale ambapo usafiri haukuwezekana, wanyama waliuawa papo hapo. Baadaye eneo liligawanywa katika wilaya za malisho, na mifugo yote ilihesabiwa kwa kipimo kimoja ambapo farasi mmoja alilingana na kondoo watano na ng'ombe mmoja na kondoo wanne. Vibali vya malisho viliandikwa zaidi kwa majina ya wakuu wa kaya, ambao watawala waliwachukulia kuwa ni wanaume. Kwa hatua hiyo ya kiofisi, umiliki wa wanawake ulidhoofishwa bila hata kutajwa. Baraza la kabila lililoombwa kuidhinisha upunguzaji lilikuwa la wanaume. Hasira ya watu ilijitokeza mwaka 1935, Wanavajo walipoikataa kwa kura Sheria ya Kupanga Upya, ambayo Collier aliiona kuwa kilele cha kazi yake.

Kufikia katikati ya miaka ya 1940, mifugo ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Churro aliumia kuliko wengine, kwa kuwa maofisa waliotafuta wanyama wa kuondoa walianza na wale walioonekana duni. Kondoo mdogo, mwenye sufu nene na pembe nne, ndiye aliyelingana na taswira ya unyonge. Hivyo sera iliyodai kuokoa ardhi iliondoa kwanza mnyama aliyezoea ardhi hiyo.

Ushahidi wa Fort Wingate

Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1930, serikali ilianzisha maabara ya ufugaji wa kondoo katika Fort Wingate, New Mexico. Wataalamu wake walitafuta kondoo mwenye sufu inayofaa kufumwa kwa mkono na mwili unaofaa soko la nyama. Walikusanya majike ya aina ya zamani kutoka pembe za mbali za eneo la Wanavajo, wakaichunguza sufu yao, na kuwapandisha kwa madume ya Romney na Corriedale, miongoni mwa wengine. Matokeo yao yalithibitisha yale ambayo wafumaji waliyajua: sufu ya kondoo wa zamani ilifaa ufumaji wa mkono kuliko ya Rambouillet.

Kwa hiyo, katika muongo mmoja, idara mbalimbali za serikali ileile zilimhukumu Churro kuwa duni na kumthibitisha kuwa bora kwa kazi yake. Maabara ilifungwa katika miaka ya 1960. Ujuzi wake ulibaki katika ripoti, ilhali kondoo walizidi kupungua malishoni.

Mwangwi wa Afrika Mashariki

Historia hii ina mwangwi wa karibu kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Habari za dhoruba za vumbi za Marekani ziliwatia hofu watawala wa kikoloni, na katika miaka hiyohiyo serikali ya Kenya iliamua kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu kwa hoja ya mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1938, maelfu ya Wakamba waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Kiongozi huyo alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini upunguzaji wa lazima ulisitishwa. Katika nchi zote mbili, takwimu za uwezo wa malisho zilinyamazia swali la ardhi iliyochukuliwa, na mifugo ikalaumiwa kwa ufinyu ambao haikuusababisha peke yake.

Mwangwi wa pili ni wa kosaafu. Kondoo mwekundu wa Wamaasai, anayesifika kwa kustahimili minyoo ya tumbo, amepandishwa kwa wingi na Dorper tangu miaka ya 1970 kwa sababu chotara huwa na mwili mkubwa. Faida hiyo huonekana mwaka wa mvua na hutoweka mwaka wa ukame. Kama ilivyokuwa kwa Churro, uzito sokoni ulihesabiwa, na ustahimilivu haukuhesabiwa.

Urejeshaji

Katika miaka ya 1970, Churro waliobaki walikadiriwa kuwa chini ya 450. Mwaka 1977, Lyle McNeal, mtaalamu wa mifugo aliyefanya kazi baadaye katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, alianzisha mradi wa kuwakusanya waliobaki, kuwazalisha na kuwarudisha kwa familia za Wanavajo. Wanyama walitafutwa katika makorongo yasiyo na barabara, mara nyingi kwa wafugaji wazee ambao hawakuwahi kukubali kuwaacha. Chama cha wafugaji kilichoundwa mwaka 1986 kiliweka kumbukumbu za nasaba na kukagua kila mnyama kabla ya kumsajili. Katika kijiji cha Los Ojos, New Mexico, ushirika wa wafumaji wenye asili ya Kihispania nao ulijenga biashara juu ya sufu hiyo. Mwaka 1991, Wanavajo walianzisha shirika lao, Diné be' iiná, linalofundisha uchungaji, ukataji wa sufu, usokotaji na upishi wa nyama ya kondoo.

Jambo la kuzingatia ni utaratibu wa urejeshaji huo. Kigezo cha kumkubali mnyama kilikuwa sufu ya tabaka mbili, wepesi wa mafuta, umbo jembamba na tabia. Yaani, sifa zilezile zilizomfanya ahukumiwe sasa ndizo zilizompa cheti. Kipimo kilikuwa kimerudi kwa mfumaji.

Hata hivyo, urejeshaji haujakamilika. Churro bado huhesabiwa miongoni mwa aina zilizo hatarini. Ukame wa muda mrefu kusini-magharibi mwa Marekani, vibali vya malisho vilivyorithiwa tangu enzi za Collier, na vijana kuhamia mijini, vyote vinabana ufugaji mdogo. Kuwa na kondoo wengi katika daftari la nasaba hakutoshi iwapo hakuna mtoto wa kuwachunga.

Hitimisho

Historia ya Churro inaonyesha kwamba neno bora, linapotumika kwa mnyama, ni sentensi isiyokamilika mpaka isemwe ni bora kwa nani na kwa kazi gani. Kondoo huyu alikuwa dhaifu mbele ya mizani ya mnunuzi, lakini alikuwa hodari jangwani, mpole mkononi mwa mtoto, na mwaminifu kwa uzi wa mfumaji. Waliomwondoa walikuwa na takwimu sahihi kuhusu udongo, ila hesabu yao haikuwa na safu ya kuandika kazi za wanawake, elimu ya watoto wala maji yaliyookolewa katika kuosha sufu.

Kwa watafiti wa ufugaji barani Afrika, funzo lake ni la kimbinu. Kabla ya kuandika kwamba kosaafu fulani ya wenyeji ina tija ndogo, ni vyema mtafiti akaikalie kazi ya mnyama huyo mwaka mzima, wa mvua na wa ukame, nyumbani na sokoni. Wanavajo walirudishiwa kondoo 14,000 mwaka 1869 na wakawazidisha. Kizazi cha miaka ya 1970 kilianza na mamia machache tu. Tofauti ya idadi hizo mbili ndiyo gharama ya kipimo kilichochaguliwa bila kuwauliza wenye mifugo.